Upelelezi wa Bega

Lilianza mwezi wa Shaabani.
Bega la kulia, upande ambao sina ugomvi nao.
Likashuka mpaka kiwikoni, kisha likapangisha ganzi
kwenye vidole viwili vya mwisho,
bila mkataba, bila kodi.

Mshukiwa wa kwanza: muhuri.
Mahakama ya Mwanzo, dirisha la tatu,
nagonga karatasi mia mbili kwa siku,
viapo, mirathi, talaka.
Nikahamia mkono wa kushoto wiki nzima.
Mihuri ikatoka imepinda kama meno ya mtoto,
hakimu akanung'unika,
bega likauma vilevile.

Nikaishitaki mbuzi ya nazi.
Nikawa nanunua iliyokunwa kwa mashine, Tandika sokoni.
Mchuzi ukawa mwepesi, watoto wakauliza
kama tumefilisika.

Mama Sikujua, jirani, hakutaka ushahidi.
"Hilo si bega," alisema, "hilo ni jicho la mtu."
Na jina akalitaja.
Nilicheka. Lakini usiku ule
nilimfikiria huyo mtu, Mungu anisamehe,
kwa muda mrefu kuliko inavyofaa.

Kaka yangu Pazi akanichua kwa mafuta ya karafuu
hadi nyumba nzima ikanuka pilau.

Hospitali ya Temeke wakanipiga picha.
Daktari akaiinua kwenye mwanga wa dirisha:
shingo nzuri, mfupa mzuri, sukari hakuna.
Nikatoka na mifupa yangu mizuri
na maumivu yangu.

Ndipo nikaitoa ukutani kalenda ya duka la saruji,
kila likiniamsha naandika saa.
Kumi alfajiri. Kumi na robo. Kumi.
Ikifika saa nne asubuhi limeshapoa
kama mgomvi aliyepewa chai.
Basi mhalifu anafanya kazi usiku,
wakati muhuri umo kabatini
na mbuzi iko jikoni, imekunjwa.

Bwana Kihwelo wa mazoezi ya viungo
ana chumba nyuma ya stoo ya magongo.
Kalenda aliitazama, kazi yangu hakuiuliza.
"Lala," alisema. "Lala kama nyumbani."
Nikavua viatu kwa aibu, nikalalia ubavu wa kushoto,
na mkono wa kulia, sikuuamuru,
ukanyooka, ukapita juu ya kichwa,
ukavuka ukingo wa kitanda
ukafumba ngumi hewani.

"Unashika nini?"

Sikumjibu upesi.
Ni pindo la kanga ya mama.
Miaka miwili alilala kando yangu,
magodoro mawili yamepandanishwa,
kwa sababu usiku akili ilimtoka na yeye akaifuata.
Mara moja tulimkuta Buza, kituo cha mafuta,
anamuuliza mlinzi njia ya Kisarawe,
kwao, nyumba iliyoanguka kabla sijazaliwa.
Tangu hapo nikalala nimekamata pindo.
Akiinuka, naamka.

Tulimzika Rajabu. Magodoro tukayatoa sadaka.
Nikapeleka taarifa kazini, benki, kwa mjumbe,
kwenye chama cha kufa na kuzikana.
Mkono sikuuambia.
Zamani ulikuwa na pa kutua;
sasa unaning'inia usiku kucha juu ya sakafu tupu.

Kihwelo akanigusa chini ya mtulinga.
"Mshipa wa fahamu unabanwa hapa," alisema,
akageuka kutafuta kalamu ambayo ilikuwa mfukoni mwake,
akaitafuta taratibu, mpaka nilipomaliza kujifuta.
Aliandika: kutambaza vidole ukutani, mara kumi.
Kukumbatia mto.

Ganzi imehama kidole kimoja. Kingine bado.

Juzi nimeamka saa kumi, kwa mazoea.
Mkono ulikuwa kifuani, umeshika pindo la shuka.
Bega kimya.
Nikatega sikio mlangoni.
Komeo lilikuwa limefungwa.
Nikainuka, nikalikagua.